Jina la tovuti ya biashara ya familia limeandikwa kwa nani?

Karatu. Ada ya shule, bima ya afya na chakula cha familia nyingi katika mji huu hutegemea mgeni anayepita kuelekea kreta ya Ngorongoro. Wapo wenye nyumba za wageni, wenye kambi za mahema, wenye magari ya safari na wanaoongoza watalii hadi Ziwa Eyasi. Wageni wengi huitafuta huduma kwenye intaneti wakiwa bado kwao, miezi kadhaa kabla ya kupanda ndege.

Ndiyo maana jina la tovuti si jambo la kumwachia fundi peke yake. Jina hilo, ambalo kitaalamu huitwa kikoa na mafundi huliita domeni, ni mali ya familia kama ilivyo hati ya kiwanja. Swali la kwanza la mzazi liwe: limeandikwa kwa nani?

Mara nyingi mambo huwa hivi. Kijana anayejua kompyuta anaitwa, analipwa, anasajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe. Tovuti inafanya kazi, kila mtu anafurahi. Baada ya mwaka kijana amehamia mji mwingine na amebadili namba. Taarifa ya kulipia inakwenda kwake, haisomwi. Siku moja tovuti inazimika, na barua pepe za biashara zilizofungwa kwenye jina hilo nazo zinakufa. Maombi ya wageni hayafiki, na mzazi anadhani msimu ni mbaya.

Hununui, unakodi

Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hulipiwa tena. Kwa majina ya .com, jina likishafutwa kwa kutolipiwa, mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa, kwa kawaida kwa gharama kubwa zaidi. Zikipita hizo na siku 5 nyingine, yeyote anaweza kulisajili. Akilichukua mtu mwingine, kibao cha barabarani, kadi na maandishi ya ubavuni mwa gari vyote vitakuwa vinamtangaza yeye.

Jina lipi lifae

Jina zuri ni fupi na linaandikika kwa kusikia tu. Mzazi alitaje kwenye simu kwa mtu wa mbali, kisha amwombe aliandike. Akikosea, jina hilo litapoteza wageni. Rhotia, kwa mfano, asiyeijua ataiandika bila "h".

Kikoa cha kawaida hupokea herufi za a hadi z, tarakimu na kistari tu. Mang'ola itaandikwa mangola, bila ile alama ya juu. Neno Ngorongoro nalo ni refu kwa mgeni, limeshatumiwa na wengi, na linaweza kuchanganywa na tovuti ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ni ncaa.go.tz.

Wapo wanaoita biashara kwa jina la mtoto. Jina lake la kwanza linatosha. Jina kamili la mtoto lisiwekwe hadharani.

Mwisho wa jina

Tanzania ina kikoa chake cha .tz tangu 1995, nacho husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Biashara hutumia .co.tz, hoteli zina .hotel.tz, asasi .or.tz, shule .sc.tz na mtu binafsi .me.tz. Ile ya .go.tz ni ya serikali. Usajili hufanywa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kabla ya kulipa, iulizwe bei ya mwaka wa kwanza na bei ya kulipia tena, kwani huweza kutofautiana.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mmiliki aandikwe mzazi au kampuni ya familia, si fundi. Barua pepe ya usajili isiwe ile inayotegemea jina lenyewe, kwa sababu jina likizimika, nayo huzimika na taarifa za kulikomboa hazitaonekana.

Tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, na watu wazima wawili waijue. Nywila na jina la msajili viwekwe ndani ya bahasha pamoja na hati za nyumba. Mzazi mmoja akilazwa hospitali au akifariki, familia isianze kuhangaika na simu iliyofungwa.

Na kama jina tayari limesajiliwa kwa fundi, aombwe sasa abadilishe taarifa za mmiliki, wakati bado anapokea simu na mnaelewana.