Alama Haina Juu Wala Chini

Chapati 500, andazi 200, na mfukoni una 4,000. Chapati ziite x, maandazi y, na bajeti yako inakuwa 500x + 200y ≤ 4000. Kwa kifupi, 5x + 2y ≤ 40. Mstari wenyewe hausumbui: unakata mhimili wa x kwenye 8, wa y kwenye 20. Balaa huanza kwenye kivuli kinachotenga upande wenye jibu, na watu husema hivi:

“Alama ya ‘ndogo kuliko’ maana yake chini ya mstari.”
Si kweli, ingawa hapo juu imetokea kuwa hivyo, na ndiyo maana uongo huu haufi. Chukua 2x − 3y < 6. Mstari wake unapita (3, 0) na (0, −2). Sasa weka sufuri kwa x na kwa y: 0 < 6, sawa kabisa. Lakini (0, 0) iko juu ya mstari! Mchokozi ni ile −3: ukigawanya kwa namba hasi ili y ibaki peke yake, alama inageuka. Na alama zenyewe zilichapwa katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake, wakati jiometri ya Descartes, ile inayogeuza milinganyo kuwa mistari, ilitoka 1637. Juu na chini ya mstari zingetoka wapi?

“Nukta ya kujaribia ni (0, 0) siku zote.”
Siku nyingi. Kwa y > 2x haifai, maana mstari unapita papo hapo. Jaribu (1, 0): 0 > 2? Hapana. Basi jibu liko upande wa pili.

“Mstari mzima au wa vitone, ni urembo tu.”
Si kweli. Chapati 4 na maandazi 10 ni 4,000 kamili. Nukta imekaa kwenye mstari. Kwa ≤ unanunua. Ukiagizwa chenji lazima irudi, alama inakuwa <, mstari unakuwa wa vitone, na kifurushi hicho kimekukosa.

“Penye kivuli ndipo penye jibu.”
Inategemea. Vitabu vya Kenya hutia kivuli sehemu isiyotakiwa, vya Marekani kwa kawaida inayotakiwa. Mimi niko na Kenya: masharti yakifika manne, jibu linabaki jeupe, huhangaiki kutafuta vivuli vilipopandana.

“Kila nukta ya eneo hilo ni jibu.”
Kwa hesabu tupu, kweli. Kwa mama ntilie, (2.5, 3) inataka akukatie chapati nusu. Na usipoandika x ≥ 0, (−2, 20) nayo inapita: maandazi 20 unanunua, chapati 2 unamuuzia wewe.