"Rangi mbili" za kabatini zitatumaliza!

Nyumba nyingi hapa Singida mjini, ukichungulia juu ya kabati hukosi kukuta vidonge vya "rangi mbili" vilivyobaki. Hata mimi nilikuwa navyo. Nilivinunua dukani bila cheti siku nilipobanwa na mafua, nikameza siku mbili, nikajisikia poa, vingine nikaviweka akiba. Hela yangu bwana, nivitupe?

Juzijuzi mtoto wa dada yangu akachemka homa usiku. Dada akasema, "Hebu lete zile dawa zako, tumfungulie kimoja kwenye uji." Nikazifuata fasta. Bahati nzuri jirani yetu ni nesi, akasikia kilio, akaingia. Alipoona nilichoshika, akanitolea uvivu: "Mdogo wangu, mnataka kumzika huyu mtoto? Hospitali, sasa hivi!"

Tukaenda. Mtoto akapimwa, akatibiwa, leo anakimbiza kuku uani. Ila maneno yale yaliniingia, nikaamua kufuatilia ukweli wa mambo.

Kasheshe yenyewe ni hii. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa virusi, na inaweza kuwa bakteria walioingia kwenye damu. Hao wa mwisho hawana mzaha! Kati ya 2001 na 2002, pale Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti walipima damu za watoto 1,828 wa hadi miaka saba waliolazwa. Watoto 255 walikutwa na maambukizi kwenye damu, na katika kila watatu kati ya hao, mmoja alifariki. Kwa kundi la bakteria kama klebsiela, salmonela na ikolai, kiwango cha vifo kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha malaria. Na waliopewa dawa ambayo bakteria wao walishakuwa sugu kwayo, walikuwa hatarini zaidi.

Usugu huo unatoka wapi? Kila unapomeza dawa hizo, bakteria dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana, tena wanagawiana mbinu za kujikinga. Halafu wanahama, toka kwako hadi kwa mtoto, kwa mikono tu. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya hivyo tangu 1945.

Na cha kuchekesha, mafua yangu yalikuwa ya virusi. Dawa ile haiviui hata kidogo!

Kwa hiyo washikaji, mafua yasikukimbize dukani kununua "rangi mbili". Ukiandikiwa dawa, meza kama ulivyoelekezwa, na usimgawie mtu. Mtoto mwenye homa akigoma kunyonya, akipata degedege au akilegea, msimpe vya kabatini. Mkimbizeni hospitali. Damu ikioteshwa maabara, daktari anajua ni mdudu gani na dawa ipi inamuweza.

Vyangu nimeshavitoa juu ya kabati. Je, vyako?