Adui Abadilishaye Sare

Askari aliyefunzwa vema hauachi ulinzi siku adui anaporudishwa nyuma. Huongeza macho, kwani adui aliyeshindwa langoni hutafuta pengo uani.

Adui tumzungumziaye leo ni virusi vya rota, viletavyo kuhara na kutapika kwa watoto wachanga na kuwakausha maji mwilini kwa muda mfupi. Ruth Bishop na wenzake walivigundua mjini Melbourne, Australia, mwaka 1973. Jina lao lina maana ya gurudumu, kwa sababu ya umbo lao katika darubini.

Kabla ya chanjo, watoto wapatao 10,000 walilazwa kila mwaka nchini Australia kwa maradhi hayo. Julai 2007 taifa lile lilianza kuwachanja watoto wake wote, na idadi ya waliolazwa ikashuka sana.

Je, walinzi walilala? La, hasha! Tangu mwaka 1999, hospitali na maabara za nchi nzima zilikuwa zikipeleka Melbourne sampuli za choo cha wagonjwa ili aina ya virusi itambuliwe. Kazi hiyo iliendelea baada ya chanjo. Wataalamu huchunguza protini mbili za ganda la nje, ambazo hupewa herufi G na P. Virusi hivi vina vipande 11 vya vinasaba. Aina mbili zikikutana ndani ya mtoto mmoja, zaweza kubadilishana vipande na kuzaa aina mpya. Ndiyo sare mpya ya adui.

Mwaka 2017 mlipuko ulitokea, na wapelelezi hao wakatambua miongoni mwa aina zilizohusika G3P[8] yenye asili inayofanana na virusi vya farasi, pamoja na G8P[8]. Hata hivyo, chanjo iliendelea kuwakinga watoto wengi, hasa wale wachanga zaidi.

Uganda nayo ilianza chanjo hii mwaka 2018. Sisi wa jeshi na polisi huhamishwa mara kwa mara, na mara nyingine kadi ya mtoto husahaulika katika kambi tuliyoitoka. Ndugu askari, chanjo hii huanza mtoto akiwa na wiki 6, na aliyecheleweshwa mno hukosa nafasi yake. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya ORS, aendelee kunyonya, na mkimbizeni zahanati. Mdharau mwiba mguu huota tende.