Mama Asiyeruhusiwa Kurefuka

Bustani mama ya kahawa haifanani na shamba la kahawa. Mtu aliyezoea vihamba vya Kilimanjaro, ambako mibuni husimama kivulini mwa migomba huku matawi yakielemewa na punje, akiingia humo atadhani mwenye shamba amehama. Punje hakuna. Mashina yameinamishwa karibu na ardhi na kufungwa kwa kamba kwenye vigingi, na juu ya kila shina lililolala yamesimama machipukizi mororo, manyoofu, yamepangana kama vidole. Kila baada ya miezi michache hupita mtu na mkasi, akayavuna, kisha mbuni ukaanza upya. Mti huo haukupandwa ili uzae buni. Kazi yake ni kutoa nakala zake.

Kuulaza mti hivyo kuna maana. Ncha ya shina linalokua wima hutengeneza kichocheo kinachoshuka na kuyafanya macho ya chini yaendelee kulala. Ndiyo maana mbuni usiopogolewa hurefuka hadi mvunaji ahitaji ngazi. Ukiuinamisha, amri ya ncha inalegea, na macho yaliyolala mgongoni mwa shina yanaamka. Mti mmoja mfupi unakupa machipukizi mengi kuliko ule uliouacha uende juu.

Ila si kila kinachoota kwenye mbuni kinafaa kukatwa. Hili nilijifunza kwa hasara. Nikiwa kijana nilikata vikonyo, yaani vipande vya kuotesha, kumi na viwili kwenye mbuni ambao baba mdogo alikuwa akiusifu kila msimu. Nilikata matawi ya ubavuni kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono. Vitano vilishika mizizi, nami nikajiona bingwa. Mwaka uliofuata vilikuwa vinatambaa ardhini kama mimea ya maboga, bila shina la kusimama. Baba mdogo alivitazama kwa muda, akasema, “Mwanangu, umechukua mikono. Ulipaswa kuchukua mgongo.” Na ndivyo ulivyo mbuni: chipukizi la wima hutoa mti wa wima, tawi la ubavuni hutoa tawi maisha yake yote. Hakuna mbolea itakayolibadili.

Kikonyo chenyewe ni kitu kidogo. Unachukua chipukizi lisilo changa sana wala gumu kama ukuni, unalikata vipande, kila kipande kikiwa na kifundo kimoja na majani yake mawili. Vitawi vya pembeni unavitoa. Majani unayapunguza kwa nusu, maana kipande kisicho na mizizi hakiwezi kunywesha jani zima. Unaweza hata kukipasua kifundo katikati kwa urefu, ukapata vikonyo viwili, kila kimoja na nusu jani lake. Ncha ya chini unaikata mshazari kwa kisu kikali. Kisha vyote vinaingia kwenye sanduku la kuoteshea, vinamwagiliwa na kufunikwa kwa nailoni chini ya kivuli. Ukifunua asubuhi, uso wako unapigwa na mvuke wa joto wenye harufu ya udongo na majani mabichi, na upande wa ndani wa nailoni umejaa matone. Siku ukikuta nailoni kavu, ujue kuna vikonyo umevipoteza. Baada ya miezi kadhaa, vilivyoshika mizizi huhamishiwa kwenye viriba.

Kwa nini usumbufu huu wote, na mbegu zipo? Kwa sababu aina nyingi bora za arabika zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, ni chotara. Zilichaguliwa kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani, maradhi yanayowalazimisha wenye mibuni ya zamani kupiga dawa mara kwa mara. Ukipanda mbegu za chotara, watoto hutawanyika: mmoja amfuate babu, mwingine bibi, na kinga uliyoifuata ipotelee njiani. Kikonyo hakitawanyiki. Wazee wetu walilijua hilo kwa migomba, ambayo haipandwi kwa mbegu: unachimbua chipukizi kwenye mgomba unaoujua, na mgomba mpya ni uleule wa zamani, umesogea hatua chache tu.

Wajapani nao wana mkasi wao. Katika bonsai mti hupogolewa juu na mizizi yake hupunguzwa chini, ili uishi miaka mingi ndani ya chungu kidogo. Jijini Washington upo msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, ulioanza kulelewa hivyo mwaka 1625. Mwaka 1945 ulinusurika bomu la Hiroshima, na mwaka 1976 Wajapani waliutoa zawadi kwa Marekani. Mlezi wa bonsai anatafuta uzee ndani ya mwili mdogo: shina lililopinda, gome lililopasuka. Mwenye bustani mama anatafuta kinyume chake, ujana usioisha juu ya kisiki kilichozeeka, kwa kuwa chipukizi jipya hushika mizizi upesi na tawi kongwe hukataa.

Nchini Canada mbinu hizi mbili zimekutana kwenye mmea ambao kwetu ni kosa kuupanda. Sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2018 inaruhusu, kwa ngazi ya taifa, miche minne ya bangi kwa kaya, na mama anahesabiwa kama mche mwingine wowote. Kwa hiyo mkulima wa nyumbani humweka mama kwenye chungu kidogo, humpunguza mizizi na matawi kama bonsai, na humwachia taa muda mrefu kila siku ili asitoe maua. Huko nako wamegundua kwamba mama hugawa kila alicho nacho. Ipo viroidi, kimelea kinachofanana na kirusi, iliyojulikana kwanza kwenye mihopi, ambayo huingia kwenye bangi na kupita kwa kisu kutoka mama hadi vikonyo, huku mama mwenyewe akiweza kuonekana mzima.

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi na bustani zetu. Uganda iliona mnyauko fuzari mwaka 1993, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo ukaangamiza karibu nusu ya mibuni ya robusta. Watafiti wa Kituza, wilayani Mukono, walilazimika kutafuta mibuni iliyobaki imesimama, kuijaribu, na kuanzisha bustani mama mpya, ndipo zikapatikana aina saba, KR1 hadi KR7. Saba, wala si moja iliyoshinda zote. Robusta haijichavushi yenyewe. Shamba la nakala za mama mmoja litatoa maua mazuri na punje chache. Arabika hujichavusha, na hapo ndipo uzembe unapopata nafasi. Shamba la mama mmoja litazaa vizuri tu, hadi siku utakapofika ugonjwa ambao mama huyo hana kinga dhidi yake.

Kwa hiyo vikundi vinavyoanzisha bustani mama viombe aina zaidi ya moja tangu mwanzo, na kila aina ipewe mstari wake. Kisu kisafishwe kati ya mstari na mstari. Na kila mstari uwe na kibao chenye jina linalosomeka, maana machipukizi ya mibuni hufanana sana, na mtu anayenunua mche hana njia nyingine ya kujua anachopeleka kihambani kwake kwa miaka thelathini ijayo. Mstari uliopoteza kibao chake ung’olewe, hata kama machipukizi yake ndiyo mazuri kuliko yote bustanini.