Kidudu cha Kolera na Viraka vya Wavu Wake

"Mjomba, kidudu cha kolera kikifika hospitali ya Baraka, waganga watajuaje kimetoka wapi? Kina kitambulisho?"

Ee mpwa wangu, swali zuri hilo! Wakubwa wengi hawajaliuliza. Kitambulisho hakina. Kina wavu.

Umeziona nyavu za ndagala pale ufukweni? Wavu ukikatika, mwenyewe anaushona. Mmoja anatia uzi mweusi. Mwingine anatia kipande cha chandarua, ingawa mamaye aligomba. Ukikuta nyavu mbili zina viraka vilevile, mahali palepale, unasema: hizi ni za nyumba moja.

Kidudu nacho kina wavu mwilini. Haushikiki, hauonekani, una macho kama milioni 4. Kikizaa, kinamfumia mwana wavu kama wake. Mara chache sana kinakosea jicho moja. Kosa hilo ndilo kiraka chake: mwana analirithi, na mjukuu, na kitukuu. Siku hizi kuna mashine za kusoma macho yote hayo.

Watafiti walisoma nyavu za vidudu 78, kutoka kwa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo wa miaka ya 2014 hadi 2017. Wakaona koo mbili kubwa. Ukoo mmoja ni msafiri hasa: jamaa zake wako Uganda, Sudan Kusini, Tanzania, hata Zambia. Na wa pili?

"Mimi ni wa hapahapa," kinasema kidudu. "Kwetu ni Ziwa Tanganyika. Ndugu zangu wako ng'ambo, magharibi mwa Tanzania. Watu wakivuka, nami navuka."

Umesikia? Basi kuilaumu Uganda kila kolera inapozuka Baraka ni kupoteza muda. Tutazame maji yetu.

Tuingie wodini sasa. Wagonjwa wawili wamelala vitanda jirani. Nyavu za vidudu vyao zikifanana kiraka kwa kiraka, munganga anaanza kushuku ndoo, kikombe, mikono. Zikitofautiana sana, huenda kila mmoja alikuja na chake.

"Na dawa, mjomba? Mbona nyingine hazikiui?"

"Naazima viraka," kinacheka kidudu. "Nakutana na bakteria mwingine, ananimegea kipande cha wavu wake kinachozuia dawa."

Ni kweli. Utafiti wa 2017 ulihesabu kwamba tangu 1970 kolera hii iliingia Afrika angalau mara 11. Wageni watano wa mwisho katika hesabu hiyo walitoka Asia na viraka hivyo tayari, na baada ya 2000 wakachukua nafasi ya wale waliokuwa wakiuawa na dawa. Mashine ikiviona, munganga anajua dawa ipi asijisumbue nayo.

"Basi dawa zikishindwa, mgonjwa anakufa?"

Hapana, mpwa wangu. Kidudu kinaua kwa kumkausha mtu. Anarudishiwa maji yenye chumvi na sukari kwa kikombe. Aliyezidiwa anawekewa maji ya mshipani. Wagonjwa wakiwahishwa hivyo, hufa chini ya mmoja katika 100.

"Maji hayo hayanigusi mimi," kidudu kinalalamika. "Yanamjaza yeye. Sasa kiraka nikiweke wapi?"