Je, Kijiji Chako Kiko Kwenye Ramani? Jinsi ya Kuingiza Taarifa za Mahali kwa Kompyuta na Kuzigawa

Mto Tana unapofurika, timu ya uokoaji huuliza kwanza: mko wapi? Ukijibu, “ng’ambo ya mto, karibu na ule mwembe mkubwa,” jirani atakuelewa. Lakini nahodha wa boti au rubani wa helikopta ambaye hajawahi kufika Garsen hatakuelewa. Yeye anahitaji jina la kijiji na mahali kilipo kwenye ramani.

Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 tu. Makazi yametawanyika, na mto wenyewe haukai mahali pamoja. Mafuriko ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023 na 2024, yaliondoa familia nyingi majumbani mwao. Kijiji kinaweza kuhamia nyanda za juu na jina lake, huku ramani ikiendelea kukionyesha kule bondeni. Makala haya yanaeleza jinsi mwananchi mwenye kompyuta anavyoweza kusahihisha hali hiyo bila malipo.

Ramani inayochorwa na wananchi

OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza taarifa, kuzirekebisha na kuzitumia. Hapa Kenya, vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama pengo tupu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Mashirika ya misaada, yakiwemo ya Msalaba Mwekundu, hutumia ramani hii wakati wa maafa.

Programu ya kompyuta inayotumika sana kwa kazi hii inaitwa JOSM. Wapenzi wa gofu duniani huitumia kuchora viwanja vyao shimo kwa shimo, hadi mitego ya mchanga. Kama uwanja wa mchezo unaweza kuelezwa kwa undani huo, basi kisima cha kijiji, zahanati na kivuko vinastahili kuelezwa pia.

Hatua za kufuata

1. Kusanya taarifa. Tembea na simu yenye programu ya kurekodi njia, kama OsmAnd. Simu hupata mahali ulipo kutoka kwa setilaiti, hivyo haihitaji bando wala mtandao. Beba daftari uandike jina la kila mahali, aina yake na hali yake: kisima kina maji mwaka mzima au hukauka? Barabara hupitika wakati wa masika?

2. Fungua akaunti ya OpenStreetMap na uweke JOSM kwenye kompyuta. Vyote ni bure.

3. Pakua eneo lako. Chagua eneo dogo, kwa mfano kijiji kimoja na mashamba yake. Programu italeta yote yaliyokwisha kuchorwa hapo, pamoja na picha za setilaiti za kukuongoza. Taarifa za ramani ukishazipakua na kuzihifadhi, unaweza kuendelea kuzifanyia kazi bila intaneti, ukaunganisha tena siku ya kupakia. Kwa sehemu zetu ambako mtandao hupotea, huo ni msaada mkubwa.

4. Chora. Kila kitu huwekwa kwa umbo moja kati ya matatu: nukta kwa kisima, mstari kwa njia au mfereji, na eneo lililozungushwa kwa shule au shamba. Kisha unachagua kwenye menyu ni kitu gani, na kuandika jina lake.

5. Kagua, kisha pakia. Kabla ya kupakia, programu hutafuta makosa, kama njia mbili zinazopishana bila kuungana. Yarekebishe, andika kwa ufupi ulichobadilisha, ndipo upakie. Baada ya muda mfupi, kazi yako inaonekana dunia nzima.

Malka na njia za mifugo

Katika Delta ya Tana, pengo baya kuliko yote kwenye ramani ni malka, yaani njia ambazo wafugaji hupitisha mifugo kwenda mtoni kunywa maji. Mtu asiyezijua akitazama picha ya setilaiti ataona ardhi tupu kando ya mto. Akipima shamba au mradi juu yake, wakati wa kiangazi ng’ombe watafika palepale. Tunajua sote ugomvi wa maji na malisho ulivyogharimu maisha hapa mwaka 2012.

Kwa hiyo malka isichorwe na mtu mmoja akiwa peke yake. Wazee wa wafugaji na wa wakulima waitembee pamoja, wakubaliane inaanzia wapi, inaishia wapi na hutumika msimu gani, kisha kijana wa kompyuta aingize walichokubaliana. Pakiwa na ubishi, subirini. Kuchora jambo lenye ubishi hakulimalizi.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mahali pamoja panaweza kuwa na jina la Kipokomo na jingine la Kiorma. Programu ina nafasi ya jina kuu na nafasi ya jina mbadala. Jaza zote mbili, ili mwokozi atakayesikia jina lolote kati ya hayo afike palepale.

Mambo ya kuepuka

Usinakili kutoka ramani nyingine za mtandaoni au za vitabu, kwani nyingi zina hakimiliki. Tumia ulichokiona mwenyewe, ulichoambiwa na wenyeji, au picha zinazoruhusiwa ndani ya programu.

Usiandike majina ya wenye nyumba wala namba zao za simu. Ramani hii inasomwa na kila mtu.

Na kumbuka: ramani hii si hatimiliki. Kuchora mpaka hakukupi ardhi, wala kutochorwa hakukunyang’anyi. Usajili wa ardhi ya jamii unafuata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na una taratibu zake.

Kuigawa taarifa

Taarifa isiyomfikia mhitaji haina kazi. Mwenye simu anaweza kupakua ramani ya Tana River kwenye OsmAnd akiwa na mtandao, kisha akaitumia bila mtandao. Apakue toleo jipya mara kwa mara ili apate mabadiliko. Kwa wasio na simu za aina hiyo, programu ya QGIS, nayo ya bure, hufungua taarifa hizohizo na kuchapisha ramani ya karatasi. Nakala moja ikibandikwa shuleni, nyingine kwenye zahanati na nyingine kwa chifu, kila mtu ataiona na atakayeona kosa atalisema.

Ramani hiyo ya karatasi ina kazi nyingine pia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, unaotegemea taarifa za ramani zilizohifadhiwa kwa kompyuta. Wananchi wana haki ya kushiriki katika mipango hiyo. Anayekuja kwenye kikao na ramani inayoonyesha visima, malka na njia za kukimbilia mafuriko ana hoja nzito kuliko anayekuja na maneno matupu.

Mvua inayotufurikisha mara nyingi hunyesha mbali, Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya juu yakijaa na kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen. Siku hizo ni za kuhama, si za kuanza kuchora. Kazi hii ifanyike sasa, wakati barabara zinapitika. Chagueni vijana wawili wanaojua kompyuta na wazee wanne wanaoijua ardhi, na muanze na vitu vitatu: jina la kijiji, mahali pa maji safi, na njia ya kufika mahali pa juu.