Kilimanjaro na Bagamoyo kwa siku nne: Piga hesabu kabla ya kuwasha gari

MNADA wa korosho ukishamalizika na malipo kuingia, kaya nyingi za Kisarawe huwa na fedha mkononi kwa wiki chache. Ada za shule huchukua sehemu yake Januari, na deni la dukani huchukua nyingine. Kinachobaki ndicho huzua mazungumzo ya safari: watu watano au sita wachangie mafuta ya Noah, waende kuuona Mlima Kilimanjaro kisha warudi kwa kupitia ufukweni. Kwa wafanyabiashara wadogo wa Maili Moja, Kibaha, ambao biashara yao hulala baada ya sikukuu, mazungumzo huwa ni hayo hayo.

Safari ya namna hiyo inawezekana kwa siku nne bila kukimbizana. Inaweza pia kula mtaji wa pilipili, vifaranga au duka zima endapo watu wataondoka kwanza na kupiga hesabu baadaye.

Mkoa wa Pwani hauna volkano. Vilima vya Pugu, ambavyo ndivyo milima ya watu wa Kisarawe, ni vya mawe ya mchanga na udongo mweupe wa kaolini unaofaa kutengenezea vyombo kuliko kulimia. Maji hupita haraka kwenye mchanga huo na rutuba yake ni kidogo, ndiyo maana mkorosho na muhogo hustahimili pale ambapo mahindi hukata tamaa. Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, ni volkano yenye vilele vitatu: Shira na Mawenzi vilivyokwisha kuzimika, na Kibo kilicholala. Mteremko wake wa kusini umefunikwa na udongo uliotokana na majivu na mawe ya moto ya kale, na mvua zake ni nyingi. Mkulima wa Kisarawe akisimama Marangu ataona kwa macho yake kwa nini jirani yake wa kaskazini anavuna kahawa na ndizi kwenye ekari moja au mbili tu.

Wakati wa kwenda una maana kubwa. Julai na Agosti mlima huwa na baridi kali, na huo ndio wakati ambapo mwenye mikorosho yuko shambani akipulizia salfa dhidi ya ubwiriunga. Machi hadi Mei ni masika. Mawingu hufunika kilele siku nyingi na njia za vijijini huteleza. Kwa mtu wa Pwani, mwishoni mwa Januari na Februari ndipo penye unafuu: korosho imeuzwa, mvua za vuli zimekwisha na mlima huonekana vizuri alfajiri na jioni. Ubaya wake ni mmoja, kwamba wakati huo mavuno ya kahawa yamekwisha pita, kwa hiyo wageni hawataona ikichumwa.

Njia na mafuta

Kutoka Maili Moja hadi Himo, kwa kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same, ni karibu kilomita 500 za lami. Hakuna haja ya kufika Moshi mjini. Njia Panda ya Himo unaacha barabara ya Moshi, unaingia Himo na kupanda kuelekea Marangu. Wakiondoka saa 11 alfajiri, na wakiheshimu vibao vya kilomita 50 kwa saa ambavyo viko karibu kila kijiji, watafika alasiri. Wanaodai kuwa hutumia saa sita hawapaswi kupewa usukani.

Safari nzima, pamoja na kurudi kwa kupitia Msata na Bagamoyo na mizunguko ya hapa na pale, ihesabiwe kuwa kilomita 1,200. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja litataka lita 120. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, hivyo hesabu ifanywe kwa bei ya mwezi wa safari. Tuchukue mfano wa Sh3,000 kwa lita: mafuta ni Sh360,000, na kwa watu sita ni Sh60,000 kila mmoja. Tuseme kitanda ni Sh25,000 kwa usiku, mara tatu, na chakula Sh15,000 kwa siku, mara nne. Jumla imefika Sh195,000 kwa mtu kabla ya kulipia hifadhi na mwongozaji, na kabla ya fedha ya tairi kupasuka. Asiyeweza kutenga Sh300,000 bila kugusa mtaji wake asubiri mwaka mwingine. Atakayeikopa kwenye kikundi atailipa kwa riba mwezi ambao hakuna mauzo.

Gari likiwa la mtu binafsi, abiria wachangie mafuta tu. Likiwa la kukodi, liwe na leseni ya LATRA, kwani bima ya gari binafsi linalotoza nauli huleta ubishi siku ya ajali.

Mzigo hauwezi kulipia safari

Wengi husema gari lisipande tupu, na wana haki. Mnazi haustawi Marangu; nazi, korosho zilizobanguliwa na dagaa wakavu wa Pwani hupata mnunuzi kule. Tuseme kikundi kimepakia nazi 200 na kupata faida ya Sh200 kwa kila moja: hiyo ni Sh40,000. Wakirudi na mikungu sita ya mshare, ndizi zile za mtori, kwa faida ya Sh5,000 kila mkungu, wanaongeza Sh30,000. Jumla ni Sh70,000, ambazo hazifiki hata robo ya gharama ya mafuta. Na gari lililojaa watu sita na nazi 200 tayari limeelemewa.

Faida ya kweli iko kwenye mazungumzo. Ndizi za Kilimanjaro zinazouzwa katika soko la Mabibo, Dar es Salaam, huletwa na malori, na malori hayo lazima yarudi kaskazini. Mfanyabiashara wa Kibaha atakayerudi na namba ya simu ya mnunuzi wa nazi wa Himo, na ya dereva aliye tayari kubeba magunia katika safari yake ya kurudi kwa nauli ya maelewano, ameleta kitu kinachoweza kumwingizia fedha kila mwezi. Jambo hilo halihitaji buti la gari.

Kuna bidhaa za kuziacha. Kahawa ya maganda isinunuliwe kwa mkulima mmoja mmoja. Huuzwa kwa utaratibu uliowekwa, kupitia vyama vya ushirika na mnada, kama ilivyo korosho ghafi huku Kisarawe. Anayependa kahawa anunue iliyokaangwa na kufungwa dukani, achukue na risiti. Machipukizi ya migomba nayo yasipakiwe kiholela, maana husafiri na minyauko na wadudu ambao shamba la nyumbani halina. Anayetaka mbegu awaulize kwanza maofisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kuhusu ushuru, mwaka 2017 Serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ni vizuri kuthibitisha utaratibu huo katika ofisi ya halmashauri kabla ya safari kuliko kubishana kizuizini.

Siku ya pili ni ya mlima. Kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, kwenye mita 2,720, ni mwendo wa saa tatu hadi nne ndani ya msitu, na mbele kidogo kuna kasoko ya Maundi, shimo la volkano ndogo ambalo mtu anaweza kulizunguka na kurudi langoni siku hiyo hiyo. Raia hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kulinganisha na mgeni wa nje, lakini lazima awe na kitambulisho, na kikundi kiwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Sweta na koti la mvua si anasa. Anayepata maumivu makali ya kichwa ateremshwe mara moja.

Wasiotaka kupanda watumie siku hiyo kwenye vihamba, na kwa mkulima pengine huko ndiko kwenye somo kubwa zaidi. Kihamba ni shamba la nyumbani la Wachagga: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, ng'ombe bandani, na mfongo unaoleta maji kutoka korongoni. Majani ya migomba hulishwa ng'ombe, samadi hurudi kwenye shina. Udongo wa volkano hauwezi kubebwa kwenda Kisarawe, lakini samadi inaweza kuzolewa Kibaha, ambako wafugaji wa kuku wengi hawajui pa kuipeleka. Aulizwe mwenye kihamba ni ndoo ngapi kwa shina na mara ngapi kwa mwaka, na jibu liandikwe.

Siku ya tatu ni ya kuteremka. Wakitoka Marangu alfajiri, wakala Mombo au Korogwe, watafika Msata mchana na kukata kushoto kwa lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo. Wapite Kiwangwa wakiwa na macho mawili: huko mananasi hulimwa kwa biashara kwenye ardhi isiyotofautiana sana na ya kwao. Pangani pia ni pazuri, ila kunadai kupita Segera na Muheza hadi Tanga, na siku ya tano.

Asubuhi ya nne watoto waoge baharini, na anayependa historia aende Kaole kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Mwenye genge aende sokoni kwa samaki mapema, wakati ngalawa zinaingia na mnada umechangamka. Barafu inunuliwe kabla ya samaki, na sanduku liwe limekwisha oshwa. Kutoka Bagamoyo hadi Kibaha kwa kupitia Tegeta na Mbezi ni saa mbili au zaidi kutegemea foleni, na Kisarawe ni mbali kidogo tena kwa njia ya Pugu. Anayeondoka saa tatu asubuhi atawahi wanunuzi wa jioni, anayeondoka saa saba atauza kwa bei ya kutupa.